Mchezo Ambao Mwalimu Hakuutazama

Walisema sitaweza. Wa kwanza kusema alikuwa fundi cherehani wa Jules Street, pale Malvern, Mkongo wa Uvira niliyemwendea kuazima makoti ya kijeshi ya mtindo wa zamani. Alinitazama juu ya miwani, akauliza makoti ni ya nini. Nikamwambia ni ya mchezo wa kuigiza wa nyimbo kutoka Hungaria, ambao tungeuimba kwa Kiswahili kwenye ghorofa ya nne ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg. Akaacha kukanyaga mashine.

"Petit, weye jana ulikuwa unauzisha makava ya simu pale kwa robot, kwa taa za barabara. Leo uko na teatre?"

"Nina stashahada," nikamjibu.

"Diplome iko muzuri. Lakini diplome haiimbi."

Watanzania wenzangu walisema Wakongo hawatafika mazoezini kwa wakati. Wakongo wakasema Watanzania hawana sauti, wana maneno tu. Wazee wa kanisa lililotupa ukumbi walisema mchezo usiomtaja Mungu hauna mtazamaji. Kaka yangu, kwa simu kutoka nyumbani, alisema, "Ulikwenda kutafuta maisha, umepata michezo?"

Leo naandika haya Kigoma, kwenye nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, stashahada yangu ikiwa ukutani sebuleni ili mgeni aione kabla hajakaribishwa soda. Mchezo ule bado unachezwa Johannesburg. Kwa hiyo niliweza, na sioni aibu kusema niliweza. Ila kila nikipongezwa huwa kuna mahali kichwa changu kinakwama, kwa sababu aliyeuleta mchezo kwetu hakuwa mimi, na baada ya miaka minne ya kuwa naye karibu siwezi kukueleza alikuwa mtu wa namna gani. Tulimwita Mwalimu.

Alikuwa Mhungaria mzee, mrefu, mwenye shingo kama ya mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Aliishi mtaa wa Rosettenville, juu ya duka la mikate la Mreno. Kabla ya hapo alifundisha muziki kwa miaka mingi Lubumbashi, kwenye shule ya masista, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha Katanga kilichovaa viatu vizito. Nilikutana naye mwaka 2015 kwenye ngazi za lile jengo. Mimi nilikuwa mratibu wa kwaya yetu ya Watanzania na Wakongo, yeye alikuwa amesimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akisikiliza mazoezi kupitia mlango.

"Mama anayeimba katikati, ule mwenye sauti ya mchanga, ni nani?" aliniuliza, bila salamu.

Nikamwambia ni Mama Neema, msusi, mtu wa Bukavu.

"Nina wimbo wake," akasema.

Hakunificha alichotaka, na nitakisema hapa ili msomaji asije akapotea kama mimi. Ujanani, Budapest, alikuwa mpiga piano wa mazoezi kwenye ukumbi mmoja wa maigizo. Yeye ndiye aliyewafundisha waimbaji nyimbo za mchezo mpya, noti kwa noti, majira ya baridi mazima. Kisha akaondoka nchini kabla ya onyesho la kwanza, enzi ambazo aliyeondoka hakurudi tena. Mchezo ukafunguliwa bila yeye, ukapendwa, na haujaacha kuchezwa. Waliowapeleka wachumba wao kuutazama siku hizo sasa wanawapeleka wajukuu. Mwalimu hakuwahi kuuona mbele ya watu hata mara moja.

"Ninataka kuona watu wakiutazama," alisema. "Ni hivyo tu. Halafu munaweza kunizika."

Hadithi ya mchezo ni hii. Askari anarudi kutoka vitani kwenye mji wake mdogo na kukuta jina lake limechongwa kwenye jiwe la mashujaa waliokufa. Anamwomba meya alifute. Meya anakataa, kwa sababu waziri amekwisha kulizindua jiwe na bendi imekwisha kupiga. Kwa hiyo yule askari anaambiwa aishi kimya kama marehemu. Anakwenda kunyoa, kinyozi anamlilia. Anakwenda baa, wanamnywea kwa heshima na kumnyima kiti. Mwisho anamwendea mke wake. Nilipowasomea wanakwaya muhtasari, Papa Dieudonné, mlinzi wa duka la jumla, baba mwenye sauti nzito kuliko spika yetu, alinyanyua mkono.

"Mimi walinifanyia matanga Kalemie," alisema. "Nilipigia muke wangu simu, akaitupa. Huyo mutu munipatie mimi."

Hakuna aliyeshindana naye.

Sasa mchezo wenyewe ulizaliwaje huko Hungaria? Hapo ndipo Mwalimu aliponivuruga. Mara ya kwanza aliniambia uliandikwa na marafiki wawili waliojifungia kwenye nyumba ya ziwani, wakilishwa mchuzi wa samaki na mama wa mmoja wao, hadi mama akachoka na mchezo ukaisha. Mara ya pili akasema kamati fulani iliagiza mchezo wa furaha kuhusu ujenzi wa daraja, na waandishi wakamwingiza marehemu katikati ya daraja kimyakimya, kila wiki kidogo, mpaka daraja likatoka. Mara ya tatu akasema hapakuwa na hadithi yoyote, palikuwa na wimbo mmoja tu wa mke, na mengine yote yalijengwa kuuzunguka ili upate pa kukaa.

"Mwalimu, juzi ulisema ni kamati."

"Ndiyo, kamati."

"Na leo ni wimbo."

"Ndiyo, wimbo."

"Sasa ipi ni kweli?"

"Weye uko na diplome. Panga."

Nilipanga. Nilipiga mistari, nikachora mishale, kama tulivyofundishwa chuoni Braamfontein kwenye somo la usimamizi wa miradi. Haikupangika. Na nilipomuuliza kwa nini mchezo umedumu miaka yote hiyo, alinijibu kwa uso mkavu kwamba ni kwa sababu kila mwaka kuna mtu anayerudi mahali na kukuta hana nafasi. Nikafurahi, nikaona hilo ni jibu la kuweka kwenye tangazo. Wiki iliyofuata nikalirudia mbele yake kwa wageni. Akatikisa kichwa. "Hapana. Viti vya ile teatre ni vizuri. Watu wanapenda kukaa."

Hata sababu ya kuondoka kwake ilibadilika. Ilikuwa siasa, ikawa mwanamke, siku moja ikawa jino: kwamba alivuka mpaka kutafuta daktari wa meno mwenye mikono laini na hakuona haja ya kurudi. Mama Neema alikuwa akimsuka mteja tulipoyajadili hayo saluni kwake.

"Huyu muzee anakudanganya, na weye unapenda," alisema.

"Hanidanganyi. Anasahau."

"Anasahau? Aseme nani aliimba vibaya mwezi jana, utaona kama anasahau."

Alisema kweli. Kazini Mwalimu hakuwa na ukungu wowote. Alikuja na gazeti alilolikunja kama rungu, akajipigia nalo pajani, na vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi havikuweza tena kugusa kinanda, kwa hiyo alimwimbia mpiga kinanda wetu kila noti. Hakusifu. Mtu akiimba vizuri sana alisema, "Inauma kidogo." Akiimba vibaya alisema, "Asante." Alizima vipaza sauti na kuwaelekeza waimbaji ukutani, waimbe hadi ukuta uwajibu. Wakongo walimwogopa na kumpenda. Watanzania tulimwogopa.

Kutafsiri tulitafsiri sote wawili, na hapa naomba nijisifu, kwa sababu ni kazi ambayo sijaona mwingine akiifanya. Mhungaria hupiga neno lake kichwani. Silabi ya kwanza ndiyo nzito, siku zote. Sisi hupiga karibu na mkia. Ukiweka maneno yetu kwenye nyimbo zao hivihivi, mtu anaimba kama anajikwaa kwenye kila mlango. Tulihangaika hivyo hadi nilipogundua kwamba maneno yetu mafupi, jina, jiwe, mke, njia, kiti, yanaanguka sawa na yao. Basi nikaanza kila mstari kwa neno fupi na kuyasukuma marefu nyuma. Nilipomwimbia Mwalimu ubeti wa kwanza wa wimbo wa mke, ule unaomalizikia "Jina liachie jiwe, wewe ingia ule," alijipiga pajani kwa gazeti mara mbili.

"Inauma kidogo," akasema. Sijapata cheti kikubwa kuliko hicho, na vyeti ninavyo.

Alikuwa na sheria moja aliyosema ni ya ukumbi wake wa zamani: mchezo mpya haununuliwi kitu. Kila kinachoonekana jukwaani kiazimwe, ili kuwe na watu wengi wanaoutakia uishi. Nilimwambia hiyo si kanuni ya biashara. Akaniambia ni kanuni ya jirani. Basi nikazunguka jiji zima. Fundi wa Jules Street, pamoja na dharau zake, alitupa makoti. Mreno wa mikate alitupa meza na taa ya kuning'inia. Kiti cha meya kilitoka kwa mama wa Kizulu mwenye spaza, kiduka cha mtaani, aliyeuliza kama meya wetu ni mwizi, na nilipokiri akasema, "Sharp, sawa, mpeni." Jiwe la mashujaa lilikuwa mlango wa kabati la wazee wa kanisa. Kila mwenye kitu alikuja kukitazama kitu chake kikiigiza, na kila mmoja alileta ndugu. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa kweli sheria ya Budapest au aliitunga ngazini.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa, waliokosa viti walisimama kwenye madirisha. Mwalimu nilimtengea kiti cha mbele kabisa. Taa zilipozimwa nikakiona kitupu. Alikuwa ametoka kwenda kwenye ngazi zake, amemwambia mlinzi wa mlango kwamba anakwenda kuukagua mlango wa chini.

Tulifika kwenye wimbo wa mke. Mama Neema alisimama mbele ya ule mlango wa kabati, Papa Dieudonné akiwa amepiga magoti na koti lake la kuazima, akaanza kuimba kwa sauti ile ya mchanga. Hakumaliza ubeti. Viti vililia sakafuni, ukumbi mzima ukasimama, vigelegele vikapanda, na watu wakaanza kuja mbele wakicheza polepole kumtunza, kama inavyofanyika kwetu kwenye harusi na kanisani. Walimwekea noti za pesa, wakamvisha vitenge begani, mama mmoja akamfuta jasho kwa kitambaa chake na kukiacha pale pale. Papa Dieudonné alikuwa akilia kweli. Nilijua saa hiyo kwamba fundi cherehani ameshindwa.

Nikatoka kumwita Mwalimu ashuhudie. Ngazi zilikuwa tupu.

Kesho yake nilikwenda Rosettenville. Alifungua mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu.

"Walisimama," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu, walisimama wote."

"Katikati ya wimbo. Nilisikia viti. Nilisikia miguu. Kule kwetu, kama viti vinalia katikati ya wimbo, mchezo umekufa. Watu wanaenda kutafuta makoti yao."

"Walikuwa wanakwenda mbele, kumtunza."

"Usinibembeleze. Mimi ni mutu mukubwa."

Sikuelewa jinsi mtu aliyeishi Kongo miaka yote ile asijue jambo hilo. Baadaye nikakumbuka kwamba huko alifundisha watoto waliokalishwa kimya kwa amri ya masista. Maneno yangu hayakumfungua. Ilibidi Mama Neema aache wateja, apande teksi mbili, na kumwonyesha vile vitenge kupitia ule upenyo wa mlango. Mwalimu alivipapasa kimoja kimoja.

"Walikuja mbele?"

"Bote, Papa. Hata ule wa mulangoni."

"Kwa wimbo huu?"

"Sasa kwa wimbo gani ingine?"

Mnyororo ukatoka. Tangu siku hiyo aliubadilisha muziki. Alitaka njia pana katikati ya viti, na akamfundisha mpiga kinanda kuzungusha mapigo manne yaleyale, tena na tena, hadi mtu wa mwisho aliyekwenda kutunza arudi kwenye kiti chake. Ndipo hadithi iendelee. Kwenye karatasi ya noti aliandika kwa mkono wake uliopinda: hapa watu wanatembea.

Mchezo ulishika. Ulichezwa kila mwezi, ukaenda Pretoria, ukaenda Durban, ukarudi. Watoto waliozaliwa kule, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walikuwa wakiimba "Jina liachie jiwe" kwenye foleni za teksi. Watu waliuona mara ya pili na ya tatu wakileta shangazi waliowasili juzi. Fundi wa Jules Street aliwaambia wateja wake kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha.

Na Mwalimu, mtu aliyetaka kitu kimoja tu duniani, hakuutazama. Kila onyesho alikuwa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, gazeti kwapani. Alisikiliza viti. Baadaye, kwa kusikia miguu tu, alinieleza kama watu walikuwa wengi, kama walikuwa na huzuni, kama Mama Neema aliharakisha. Nilimuuliza kwa nini haingii. Alisema kuna joto. Majira ya baridi alisema kuna baridi. Siku moja alisema macho yake yanamwona kila mtu kama mtu mwingine. Nikamkasirikia.

"Mwalimu, tumefanya haya yote ili uone."

"Najua."

"Sasa ona."

"Mwezi ujao," alisema, na mwezi uliofuata alikuwa ngazini.

Mwaka 2018 alikuja mama mmoja wa Kihungaria aliyekuwa Johannesburg kwa shughuli za kikazi. Alikuwa amesikia kwamba mchezo wa utoto wake unaimbwa kwa lugha asiyoijua. Alikaa mbele, alicheka mahali pote panapochekwa, na kwenye wimbo wa mke alilia, akaenda kutunza na wenzake. Baadaye akanishika mkono.

"Ni mzuri sana," aliniambia kwa Kiingereza. "Lakini ule wimbo mmeutoa wapi?"

"Upi?"

"Wa mke. Kwetu mke haimbi. Anafunga mlango, taa zinazimika, na ndio mwisho. Nimeuona mara nyingi tangu nikiwa mdogo. Hauna wimbo huo."

Nilishuka ngazi mbilimbili. Mwalimu alikuwa mahali pake, tayari ameshajua kwa miguu yangu kwamba nina jambo.

"Wimbo wa mke haupo kule," nikasema.

"Basi waliukata."

"Waliukata lini? Kabla hujaondoka au baada?"

Akafikiri. "Mimi nilikuwa napiga piano tu."

"Uliutunga wewe?"

"Unafikiri mupiga piano anaweza kutunga wimbo kama ule?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Basi tuko wawili," alisema, akashuka kwenda kuwahi mkate kabla Mreno hajafunga.

Nimeligeuza jambo hilo kila upande. Kama waliukata akiwepo, huenda ndicho kilichomwondoa, wala si siasa wala jino. Kama alijua haupo, basi miaka yote alikuwa akingoja kuona watu wakitazama kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitazama, na hofu yake ngazini inaeleweka. Kama hakujua, basi mimi ndiye niliyempa habari hiyo. Matangazo yetu yalisema "mchezo maarufu kutoka Hungaria", nami sikuyabadilisha, maana sikujua niandike nini.

Mwaka 2019 niliamua kurudi nyumbani. Kundi sasa lilikuwa na vitu vyake, na mimi si mtu wa kuondoka na vya watu. Nilirudisha kimoja kimoja. Fundi alikagua viwiko vya makoti yake, akanusa kola, akasema, "Petit, haya makoti iliigiza teatre kuliko weye." Mreno alipata taa yake. Mama wa spaza alikikataa kiti kwa kuwa kimekaliwa na mwizi mno, kisha akakichukua. Wazee wa kanisa waliurudisha mlango kwenye kabati lake. Akabaki mmoja aliyetuazima. Nilikwenda Rosettenville.

"Mwalimu, wengine wote nimewarudishia. Wewe ulituazima mchezo wenyewe. Naondoka Jumatatu. Nikurudishie vipi?"

Alitazama nje kwa muda, kwenye uwanja wa nyuma ambako Mreno alikuwa akipakua unga.

"Nipe kiti," akasema. "Cha pembeni. Nisiwe mbali na mulango."

Jumapili alasiri alikuja amevaa tai. Nilimkalisha pembeni, nikakaa nyuma yake. Alitazama sehemu ya kwanza bila kutikisika. Kinyozi alipomlilia marehemu, mabega yake yalicheza kidogo, na sikuweza kuona kama ni kicheko. Kisha Mama Neema akasimama mbele ya jiwe letu jipya, akaanza. Viti vikalia. Watu wote wakanyanyuka, na Mwalimu, aliyebaki ameketi, akawa anatazama migongo.

"Mwalimu, simama, huoni," nikamnong'oneza.

"Nasikia."

"Kusikia umesikia miaka yote."

Mama mmoja aliyekuwa akipita alimshika kiwiko bila kumuuliza, kama unavyomchukua babu harusini, akamwingiza kwenye mstari. Akaenda nao, hatua zake zikiwa nje ya mapigo, yeye aliyewafundisha mapigo hayo. Alipofika mbele wenzake walitunza, wakageuka, wakarudi. Yeye hakuwa na kitu mkononi. Alisimama mbele ya Mama Neema, shingo ameinyoosha, akimtazama anavyoimba.

Watu wote wakawa wamekaa. Kinanda kikazunguka mapigo yake manne, kikimngoja mtu wa mwisho arudi kwenye kiti. Hakurudi. Kikazunguka tena. Mama Neema akaurudia mstari wake, akimwimbia yeye sasa, wewe ingia ule, na Papa Dieudonné akabaki amepiga magoti akingoja hadithi yake iendelee. Sikujua kama Mwalimu anatazama, au amesahau kiti chake kilipo, au anajua vizuri kwamba asipokaa mchezo hauwezi kuisha. Hakuna aliyemwambia akakae. Mpiga kinanda alinitafuta kwa macho, akiuliza afanye nini. Nikamzungushia kidole: tena.